Waksi, silanti au seramiki: chaguo linategemea gari linalala wapi

Ukienda dukani kuuliza kitu bora cha kulinda rangi ya gari, utaonyeshwa kopo la bei ya juu kuliko yote yaliyopo rafuni. Kwa magari mengi hiyo ni fedha ya kutupa. Gari linaloshinda juani Kariakoo, likalala nje huko Mbezi chini ya mwembe, na kila alfajiri likafutwa na mlinzi kwa tambara lile lile, halitaki kitu kimoja na gari linalolala bandani Mikocheni na kutolewa mwisho wa wiki tu.

Hapa nalinganisha vitu vinne ambavyo mtu anaweza kuvipaka mwenyewe nyumbani: waksi ya kopo, silanti (kinga ya maabara inayofanya kazi ya waksi), seramiki ya kupuliza, na seramiki ya chupa ndogo, ile seramiki halisi inayoganda juu ya rangi kuwa ngozi ngumu. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa magari mengi ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, silanti ndiyo inayoshinda, na sababu kubwa ni maji yetu. Nitafika huko. Kwanza ndoo, maana kopo lolote utakalonunua litadumu au litakufa kutokana na namna gari linavyooshwa.

Ndoo na sabuni

Rangi ya gari la leo ina matabaka. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna klia, ile inayong'aa. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 60, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Hiyo ndiyo mali yote unayoilinda. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko klia, ngumu hata kuliko seramiki yoyote inayouzwa, kwa hiyo kila unapofuta gari lenye vumbi bila maji unaziburuta juu yake. Ile mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, hasa kwenye gari jeusi, mara nyingi ni kazi ya tambara.

Kwenye sabuni ushindani ni mdogo. Sabuni ya unga ina alkali. Imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye nguo, na waksi haiko mbali na mafuta. Mtu akipaka waksi Jumapili, kisha gari likaoshwa kwa sabuni ya unga Jumatano na Jumamosi, mwezi ukiisha hana kitu juu ya rangi. Zile chembe ambazo hazijayeyuka nazo hukwaruza. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni afadhali kwa rangi, lakini nayo inakula waksi; siku yake ni moja tu, ile unayotaka kuondoa mabaki ya zamani ili upake kitu kipya. Shampuu ya gari haina ukali huo, inateleza vizuri, na vifuniko viwili vinatosha ndoo nzima, hivyo chupa inakaa muda mrefu kuliko bei yake inavyotisha. Kama fedha iliyopo ni ya kitu kimoja tu, nunua shampuu uiache waksi. Wauza waksi wanisamehe.

Ndoo ziwe mbili: moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Dodoki la jikoni na sponji ngumu hushika mchanga usoni na kuusugua. Glavu ya maikrofaiba yenye manyoya marefu huumeza ndani, mbali na rangi. Mwagia maji mengi kwanza, anza na paa, malizia chini ya milango na kwenye bampa ambako tope ni jingi. Magurudumu yawe na kitambaa chao. Pampu ya presha inasaidia sana kung'oa tope kabla mkono haujagusa chochote, ila usiisogeze karibu na mahali palipopigwa rangi upya au pembe ya bampa iliyoanza kubanduka, itamalizia kazi.

Halafu kuna suala la mlinzi. Katika nyumba nyingi za Dar, kufuta gari alfajiri ni sehemu ya adabu ya kazi yake, na kumkataza ghafla kunamvunja moyo. "Mzee wangu, leo lisifutwe, limwagie maji tu, kukausha nitakausha mwenyewe." Jibu: "Sawa bosi, ila jirani akipita ataona nimelala." Ana hoja. Njia ya katikati ni kumpa vitambaa viwili safi vya maikrofaiba na chupa ya kupuliza yenye maji na shampuu kidogo, vumbi jepesi lilowe kwanza ndipo lifutwe, upande wa kitambaa ukichafuka ageuze. Lakini gari likirudi kutoka Dodoma na lile vumbi jekundu, hapo hakuna kufuta. Ni maji mengi, basi.

Maji ya kisima

Hapa ndipo ulinganisho wa watu wa nchi zenye maji yasiyo na chumvi unapotuacha. Nyumba nyingi za ukanda wa pwani, kuanzia Kigamboni hadi Mbezi Beach na kuendelea, zinategemea kisima, na maji ya visima vingi vya huko yana chumvi. Tone likikauka kwenye boneti lenye joto, maji yanaondoka, chumvi na chokaa vinabaki: duara jeupe. Jua likiendelea kulipika siku baada ya siku, duara hilo linaila klia na kuacha alama ambayo shampuu haiigusi.

Sasa angalia kinachotokea ukipaka kitu kinachofukuza maji. Waksi, silanti na seramiki zote huyafanya maji yajikunje kuwa matone. Seramiki ndiyo hodari kuliko zote: matone yake ni madogo, yamesimama, yanapendeza kwenye video. Kila moja ni duara jeupe linalosubiri kukauka. Gari lenye seramiki nzuri, likioshwa kwa maji ya kisima saa sita mchana na kuachwa lijikaushe lenyewe, linaweza kuwa na madoa yanayoonekana kuliko la jirani lisilopakwa kitu. Matangazo hayasemi hivyo.

Doa likiwa bado jipya, siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi inatosha. Loweka kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, suuza, kausha. Siki itapunguza nguvu ya waksi mahali hapo, kwa hiyo paka tena. Kinga yenyewe ni kuosha asubuhi na mapema au jioni, gari likiwa limepoa, na kukausha palepale kwa taulo kubwa la maikrofaiba, unalilaza na kulivuta bila kukandamiza.

Na msuuzo wa mwisho uwe wa maji yasiyo na chumvi. Maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa wakati wa masika yanafaa. Yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nayo yanafaa sana, kwa kuwa ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, hayajapita ardhini kuokota chumvi. Usiku wa kaskazi, hewa ikiwa nzito, kiyoyozi kimoja kinaweza kukupa ndoo. Watu wanayaacha yatiririke kwenye ukuta hadi rangi ya nyumba inabanduka, na nje gari lina madoa.

Polishi inapunguza

Wengi huiweka polishi safu moja na waksi, kana kwamba unachagua mojawapo. Kazi zao ni kinyume. Polishi ina chembe za kusugua. Inakula klia kidogo ili mikwaruzo isawazike na mwanga urudi sawa. Waksi na wenzake huongeza tabaka juu. Ukikumbuka zile maikroni 40 hadi 60, na kwamba kompaundi nzito, yaani polishi kali kuliko zote, kwa mashine inaweza kuondoa maikroni kadhaa kwa mkupuo, utaona kwa nini gari halipolishwi kila mwezi. Mara moja kwa mwaka ni nyingi tayari kwa gari linalooshwa vizuri. Anayemlipa kijana ampigie gari polishi ya kusugua kila baada ya wiki chache anamlipa amwondolee klia.

Kuna njia tatu. Mkono unatosha kwa alama za kucha chini ya kitasa, doa la kinyesi cha ndege, mlango mmoja. Gari zima kwa mkono utachoka kabla hujafika milango ya nyuma, na boneti litang'aa kuliko sehemu nyingine zote. Mashine ya kuzunguka moja kwa moja, ile inayofanana na grainda ya fundi wa kuchomelea, inakata haraka mno; ikikawia sekunde chache kwenye ukingo wa mlango au mkunjo wa boneti, klia imekwenda na huwezi kuirudisha. Fundi mzoefu hufanya nayo maajabu. Anayeanza asiinunue, hata ikiwa ndiyo ya bei rahisi.

Ya tatu ni mashine ya kuyumba, ambayo pedi yake huzunguka na wakati huohuo kutikisika. Ukiikandamiza mno inapunguza mzunguko, na udhaifu huo ndio unaomwokoa mgeni wa kazi. Ni ya polepole. Anza na pedi laini na polishi laini kwenye kipande cha sentimita 50 kwa 50, futa, kitazame juani. Ukiridhika, gari zima lifanye hivyo hivyo. Usiporidhika ndipo upandishe ukali. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa ukiupitia, uache. Umezidi kina cha klia unayoweza kuitoa sadaka.

Jaribio moja kabla ya yote: chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi gari hilo halina klia juu, ama halikuwekewa tangu mwanzo (baadhi ya magari ya kazi meupe na magari ya zamani yako hivyo) ama imekwisha. Linaweza kung'arishwa, lakini unasugua rangi yenyewe, kwa hiyo nenda kidogo mno.

Na kabla ya kusugua, tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni. Ule wa mkate unafaa, maana mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019. Pitisha vidole taratibu juu ya boneti lililooshwa. Ukihisi vijipele, huo ni uchafu ulioganda: lami, vumbi la breki, matone ya rangi ya mafundi wa jirani. Dawa yake ni udongo maalumu wa kusafishia rangi. Unaulowesha kwa maji ya shampuu, unautelezesha bila nguvu, unaukunja kila ukichafuka. Ukiuangusha chini, utupe. Usiuoshe, utupe.

Vinne uso kwa uso

Muda ulioandikwa hapa ni makadirio kwa gari linalolala nje pwani na kuoshwa kwa shampuu. Ukitumia sabuni ya unga, punguza kwa nusu au zaidi.

| | Waksi ya kopo | Silanti | Seramiki ya kupuliza | Seramiki ya chupa |
|---|---|---|---|---|
| Hudumu | wiki 3 hadi 8 | miezi 3 hadi 6 | miezi 2 hadi 4 | mwaka 1 hadi 2, pengine zaidi |
| Maandalizi | kuosha | kuosha, udongo | kuosha | kuosha, udongo, polishi, spiriti |
| Muda wa kazi | saa 2 | saa 2 na kusubiri | dakika 30 | siku nzima au mbili |
| Ukikosea | futa | futa | futa kwa kitambaa chenye maji | polishi upya |
| Madoa ya maji ya chumvi | hutoka na waksi | ya wastani | ya wastani | mabaya usipokausha |
| Gharama ya kuanza | ndogo | ya wastani | ya wastani | kubwa |

Jedwali linaficha mengi, hasa kwenye safu ya mwisho kulia, ile ya seramiki ya chupa.

Waksi nzuri ina kanauba, nta inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Kanauba tupu ni ngumu na huyeyuka ikifika nyuzi joto 80 na kitu, joto ambalo boneti kwa kawaida halifikii hata Januari. Shida ni kwamba haipakiki ikiwa tupu. Kopo lina mafuta, vimumunyisho na nta nyingine laini zinazoyeyuka mapema, na boneti jeusi juani linaweza kupita nyuzi 70. Ndiyo maana waksi ya kopo, iwe Turtle Wax, Formula 1 au nyingine yoyote, haikai sana kwetu. Ina sifa moja ambayo wenzake hawana: inaipa rangi nyekundu, nyeusi na ya bluu iliyoiva ule mng'ao wa kina, kana kwamba imelowa. Kwa gari jeupe au la fedha, na barabara zetu zimejaa hayo, tofauti hiyo huioni kirahisi. Kupaka ni raha. Tabaka jembamba, paka gari kipande kwa kipande, subiri lifanye ukungu, futa. Usiipake juani, itaganda na utatoka jasho kuifuta. Ikigusa plastiki nyeusi ya bampa inaacha weupe unaokera, kwa hiyo zifunike kwa tepu ya karatasi.

Silanti ni polima za maabara zinazofanya kazi ya waksi bila ulaini wa waksi. Joto haliisumbui sana, sabuni haiivui haraka, na haina mng'ao wa kimapenzi. Gari linang'aa kama kioo, kwa ukavu fulani. Baadhi ya makopo yameandikwa miezi 12. Kwa gari la nje Dar mimi huhesabu nusu, na nusu hiyo inatosha: unapaka kabla ya masika, Februari hivi, na kabla ya vuli, Septemba. Mara mbili kwa mwaka. Masharti yake ni machache lakini yafuate. Rangi iwe safi kabisa bila mafuta wala waksi ya zamani, maana silanti inataka kushika klia moja kwa moja. Tabaka liwe jembamba kiasi cha kuonekana kwa shida. Baada ya kufuta, gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24, kutegemea maelezo ya kopo. Panga na utabiri wa hali ya hewa, siyo na matumaini.

Seramiki ya kupuliza ni rahisi mno hivi kwamba inatiliwa shaka bure. Unaosha, unapuliza kidogo kwenye kitambaa au kwenye gari likiwa bado na unyevu, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta tena. Ndani yake silika (madini ya mchanga na kioo) ni kidogo ukilinganisha na ya chupa, kwa hiyo usidanganywe na jina. Mimi naiona kama nyongeza ya silanti: kila mwezi au miezi miwili, baada ya kuosha, unaifufua silanti iliyo chini. Peke yake pia inafaa kwa mtu asiye na nafasi kabisa. Gari la Bolt linalooshwa kila siku na kulala kwa muda wa saa tano tu usiku halina muda wa kusubiri ukungu ukauke. Dakika 30 za kupuliza ni ushindi.

Seramiki ya chupa ndogo ndiyo inayouzwa kwa maneno makubwa. Kimiminika kina silika au polisilazani (kemikali ya jamii hiyo hiyo), kinaganda juu ya klia kuwa ngozi ngumu ambayo sabuni haiitoi. Hilo ni kweli. Inavumilia kemikali, uchafu unatoka kirahisi, rangi inakaa muda mrefu bila kupauka. Ila ile "9H" iliyoandikwa kwenye boksi ni kipimo cha penseli: ina maana penseli ya ugumu wa 9H haikuikwaruza kwenye jaribio. Haina maana mchanga hautaikwaruza. Unene wake ni maikroni moja au mbili, mara nyingi chini ya hapo. Jiwe la barabara ya Morogoro halitaizingatia. Ukitaka kuzuia mawe unahitaji plastiki ya kulindia rangi, yenye maikroni 150 hadi 200, na hiyo si kazi ya nyumbani.

Ugumu wa kuipaka pwani unatokana na hewa. Seramiki hizi huganda kwa msaada wa unyevu, na sisi tunao wa kugawa. Maelezo ya chupa yakisema subiri dakika tatu kabla ya kufuta, huku inaweza kuwa tayari ndani ya moja. Ukichelewa, kinabaki kivuli cheusi chenye rangi za upinde wa mvua, kigumu, hakitoki kwa kitambaa. Unakipolishi na kuanza upya kipande hicho. Kwa hiyo fanya vipande vidogo kuliko vilivyoandikwa, alfajiri, chini ya paa, na mtu wa pili akushikie tochi pembeni. Mikwaruzo uliyoiacha chini yake utaishi nayo, ndiyo maana lazima upolishi kwanza.

Kosa moja linalorudiwa sana ni spiriti. Kabla ya seramiki unatakiwa kufuta mafuta yote ya polishi kwa pombe ya isopropili iliyozimuliwa. Watu hununua spiriti ya vidonda duka la dawa. Nyingi za hizo zina mafuta ya nyonyo yaliyotiwa ili ngozi isikauke, na mafuta hayo yanabaki kwenye rangi. Vitakasa mikono navyo vina gliserini. Soma kibandiko, ukikuta kitu kingine mbali na pombe na maji, kiache kwenye rafu. Baada ya kupaka, gari lisinyeshewe kwa saa 24 na lisioshwe kwa sabuni kwa wiki moja. Kama huna banda, umeshashindwa kabla ya kufungua chupa.

Kunguru na mwembe

Wale kunguru wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavukia bara, na leo wao ndio wanaoamua mji uegeshe wapi. Kinyesi kikikauka kwenye bati la moto, kinaing'ang'ania klia, na bati likipoa kinaivuta. Alama inayobaki ina umbo la doa lenyewe. Kwa gari lisilo na kitu, saa chache za jua kali zinatosha. Silanti au seramiki inakuongezea muda, lakini bado tunaongea saa, siyo siku, na aliyekuambia vinginevyo alikuwa anauza. Lowesha kwa tishu yenye maji, iache ilainike, iinue. Usikwangue kwa ukucha wala kadi.

Utomvu wa mwembe hautoki kwa maji. Ile ile pombe ya isopropili kwenye pamba, taratibu, kisha suuza na upake tena kinga mahali hapo kwa sababu pombe imeondoka nayo. Mafuta ya taa yanatoa utomvu pia, lakini yanaacha mafuta yanayovuta vumbi, na kwenye mpira na plastiki yanaharibu. Wanaofuta tairi kwa dizeli ili zing'ae wanajua zinavyong'aa. Waulize pia zinavyopasuka.

Nani achukue nini

Gari la nje, maji ya kisima, linaoshwa na mtu mwingine mara nyingi: silanti mara mbili kwa mwaka, seramiki ya kupuliza katikati, na shampuu iwe nyumbani ili asitumie unga. Fedha iliyobaki nunua vitambaa.

Gari la bandani linalotoka mwisho wa wiki, lenye rangi iliyoiva, na mwenyewe unapenda kukaa nalo Jumapili asubuhi redio ikiimba: waksi ya kanauba. Itaisha baada ya wiki kadhaa na utapata sababu ya kuipaka tena, jambo ambalo kwako ni faida.

Seramiki ya chupa ni ya mwenye gari jipya au lililotoka kupolishwa vizuri, banda lenye taa, maji laini yasiyo na chumvi au uvumilivu wa kukausha kila mara, na nia ya kukaa na gari hilo miaka mitatu au zaidi. Kama unapanga kuliuza mwakani, mnunuzi hatakulipa shilingi kwa ajili yake. Mwanza, Arusha au Nairobi, ambako chumvi ya bahari haipo na watu wengi wana maji ya bomba yasiyo na chumvi nyingi, naielewa zaidi.

Gari lililopigwa rangi na fundi hivi karibuni lisipakwe chochote kati ya hivi kwa siku 30 hadi 60, kwa sababu rangi iliyokaushwa hewani bado inatoa vimumunyisho na ukiifunika utaibania. Maji na shampuu tu, bila presha ya karibu. Muulize fundi alitumia rangi ya aina gani na akupe muda yeye; akisema "hata leo paka", ongeza mwezi.

Na kama klia ya paa au boneti imeshaanza kubanduka kwa magamba meupe, funga kopo. Polishi itapanua kidonda, waksi itajaa kwenye kingo na kuwa nyeupe, seramiki itaganda juu ya kitu kinachoondoka. Sehemu hiyo inataka msasa na rangi mpya. Mpelekee fundi paa au boneti peke yake, sehemu nyingine zenye klia nzima zipake silanti wiki hiyo hiyo, na hiyo sehemu mpya ihesabie siku zake 60.